Kuondoa Tabia za Zamani Katika NumPy Bila Kumwacha Mtumiaji Njiani

Toleo la 1.24 la NumPy lilipotoka Desemba 2022, programu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi miaka nenda miaka rudi zilisimama. Majina np.int, np.float, np.object, np.complex na mengine ya ukoo huo yalikuwa yameondolewa. Waliokwama walilalamika kwamba hakuna aliyewaambia. Ukweli ni kwamba waliambiwa: tangu toleo la 1.20, Januari 2021, kila msimbo uliotaja majina hayo ulikuwa ukitoa onyo. Lakini Python, kwa kawaida yake, huonyesha maonyo ya aina ya DeprecationWarning pale tu yanapotokea kwenye faili kuu inayoendeshwa. Yakitokea ndani ya moduli iliyoingizwa, huyanyamazisha. Kwa hiyo mtunzaji wa maktaba alikuwa ametimiza wajibu wake, na mtumiaji naye alikuwa na haki ya kushtuka.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeijua Python, umeitumia NumPy darasani au kazini, na sasa unataka kuchangia kazi ya kuisafisha: kuondoa tabia zilizokwisha kutangaziwa mwisho na kunyoosha nyaraka. Nakuambia mapema kwamba kufuta mistari ya msimbo ndiyo sehemu ndogo. Kazi kubwa iko kwenye maneno, yaani onyo, ujumbe wa kosa, maelezo ya toleo na ukurasa wa nyaraka. Huko ndiko mtumiaji anakokutana na uamuzi wako, na mara nyingi hukutana nao usiku akiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi.

Hakikisha muda wake umefika

Tabia haiondolewi kwa sababu imekuudhi. NumPy ina sera yake, iliyoandikwa kwenye waraka uitwao NEP 23, na kwa ufupi inasema kwamba kitu kikishatangaziwa mwisho kikae na onyo kwa angalau matoleo mawili, ambayo kwa mwendo wa kawaida wa mradi ni kama mwaka mmoja. Hicho ni kima cha chini. Majina ya ukoo wa np.int yalipewa karibu miaka miwili.

Utajuaje onyo lilianza lini? Watunzaji wana desturi nzuri ya kuacha maoni ndani ya msimbo, pembeni ya onyo lenyewe, yakitaja tarehe na namba ya toleo. Tafuta neno “deprecated” kwa grep kwenye ghala lote la msimbo, upande wa Python na upande wa C, kwa herufi kubwa na ndogo. Utapata orodha ya vitu vinavyosubiri. Linganisha namba ya toleo iliyotajwa na toleo linaloandaliwa sasa, na kama matoleo mawili yamepita, una mahali pa kuanzia.

Tarehe peke yake haitoshi. Tafuta pia nani bado anakitumia kitu hicho: fungua misimbo ya SciPy, pandas, scikit-learn na Matplotlib, kisha pitisha utafutaji mpana kwenye GitHub. Ukikuta maktaba kubwa bado inakitegemea, wapelekee taarifa wao kwanza, na ikiwezekana uwapelekee marekebisho yenyewe. Kuondoa kitu wakati jirani mkubwa hajajiandaa ni kuwaadhibu maelfu ya watu ambao hawajawahi kuandika jina hilo kwa mikono yao. Programu yao ndiyo inayovunjika, na chanzo kiko ngazi tatu chini yao.

Onyo moja si sawa na jingine

Kuna mabadiliko ya aina mbili, na anayeyachanganya huleta madhara.

Aina ya kwanza ni pale kitu kinapoondoka kabisa: leo kinafanya kazi, kesho kitatoa kosa. Hapa DeprecationWarning inatosha, kwa sababu hata mtu asipoliona onyo, siku ya mwisho programu yake itasimama na kumwambia. Ataudhika, lakini hatapotoshwa.

Aina ya pili ni pale msimbo uleule utakapoendelea kukubalika ila utatoa jibu tofauti. Hii ndiyo ya kuogopa, na ndiyo maana ina onyo lake, FutureWarning, ambalo Python huonyesha bila kuulizwa. Chukua np.linalg.lstsq, inayotafuta suluhisho la miraba midogo zaidi. Kigezo chake rcond huamua namba ndogo kiasi gani zihesabiwe kuwa sifuri. Watunzaji walitaka kubadilisha thamani yake ya chaguomsingi ili izingatie pia ukubwa wa matriki. Onyo lilianza kwenye toleo la 1.14, mwaka 2018, na badiliko lenyewe likafanyika kwenye 2.0, Juni 2024. Katika miaka hiyo yote, aliyetaka tabia ya zamani aliambiwa aandike rcond=-1, na aliyetaka mpya aliambiwa aandike rcond=None. Wote wawili walipewa namna ya kulinyamazisha onyo kwa kusema wazi wanachotaka. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hakuna mtu aliyelazimishwa kubahatisha.

Badiliko zito zaidi la 2.0 lilihusu namna aina za namba zinavyochanganyika, jambo lililoelezwa kwenye NEP 50. Zamani NumPy mara nyingine iliangalia thamani yenyewe kabla ya kuamua aina ya jibu, na mara nyingine iliichukua namba ya Python kuwa ya aina pana ya chaguomsingi. Ukijumlisha np.uint8(100) na 200 ulipata 300, kwa kuwa 200 ilichukuliwa kuwa namba kamili ya chaguomsingi, iliyo pana kuliko biti nane, na jibu likafuata aina hiyo. Sasa inaangalia aina tu: jibu linabaki uint8, linazunguka na kuwa 44, pamoja na onyo la kufurika. Vivyo hivyo np.float32(3) + 3.0 zamani ilitoa float64, leo inatoa float32. Sheria mpya ni nyoofu na inatabirika, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini angalia uzito wake: mtu anayechakata picha, ambazo pikseli zake kwa kawaida ni uint8, anaweza kupata rangi zisizo sahihi bila programu kusimama. Badiliko la namna hii lilistahili kungojea toleo kubwa, la kwanza tangu 1.0 ya mwaka 2006, na lilistahili mwongozo mrefu wa kuhamia ulioambatana nalo.

Basi kanuni yangu ni hii: ukiwa na njia mbili, moja ya kubadilisha jibu kimyakimya na nyingine ya kutoa kosa kwanza kisha kuleta maana mpya baadaye, chagua ya pili. Ndivyo ilivyokuwa kwa np.bool. Lilikuwa jina jingine tu la bool ya Python. Likaondolewa kwenye 1.24, jina likakaa tupu, kisha kwenye 2.0 likarudi likiwa na maana mpya ya aina ya boolean ya NumPy yenyewe. Kile kipindi cha utupu ndicho kilichohakikisha kwamba hakuna msimbo wa zamani ulioteleza kutoka maana moja kwenda nyingine bila mwenyewe kujua.

Jambo jingine dogo lenye matokeo makubwa: unapoandika onyo jipya, zingatia kigezo stacklevel. Ukikiacha kama kilivyo, onyo litaelekeza kwenye mstari wa ndani ya NumPy. Ukiweka stacklevel=2 kwenye kazi inayoitwa moja kwa moja, litaelekeza kwenye mstari wa mtumiaji. Si suala la adabu peke yake. Python huamua kuonyesha au kuficha DeprecationWarning kwa kuangalia moduli ambayo onyo limeelekezwa kwayo. Likielekezwa ndani ya maktaba, halitaonekana kabisa, hata kwa yule aliyeandika kosa hilo kwenye faili yake kuu.

Siku ya kufuta

Sasa umepata kitu ambacho muda wake umekwisha. Anza na majaribio kabla hujagusa msimbo. Kwenye NumPy, majaribio mengi ya maonyo yako kwenye faili test_deprecations.py, ndani ya numpy/_core/tests. Wengi hufuta jaribio la onyo pamoja na onyo lenyewe, wakaridhika. Usifanye hivyo. Ligeuze: palipokuwa na uhakiki kwamba onyo linatolewa, weka uhakiki kwamba kosa linatolewa, na kwamba ni kosa la aina sahihi. Bila hilo, mtu mwingine akirekebisha sehemu hiyo mwakani anaweza kuirudisha tabia ya zamani pasipo kujua, na hakuna kitakachopiga kengele.

Mfano halisi ni orodha zisizolingana urefu. Zamani np.array([[1, 2], [3]]) ilikubali, ikakupa safu ya vitu viwili ambavyo kila kimoja ni orodha ya Python. Ilikuwa chanzo cha hitilafu ngumu kutambulika: mtu amesahau namba moja kwenye data yake, NumPy inanyamaza, na kosa linajitokeza mbali kabisa na mahali lilipozaliwa. Kuanzia 1.19 ikawa na onyo linaloonekana, na kuanzia 1.24 inatoa ValueError. Anayetaka kweli safu ya namna hiyo huandika dtype=object. Kufuta tawi lile la msimbo kulihitaji majaribio mawili yabaki: moja kwamba kosa linatokea, jingine kwamba njia ya dtype=object bado iko wazi.

Baada ya majaribio, futa tawi la msimbo na onyo lake, kisha ufuatilie mabaki. Mabaki ndiyo yanayomtofautisha mchangiaji makini na mwenye haraka. Kuna faili za aina zenye kiambishi .pyi, ambazo vihariri hutumia kupendekeza majina. Jina likibaki humo, kihariri kitaendelea kumshauri mtumiaji aandike kitu kisichokuwepo. Kuna folda ya vipimo vya kasi. Kuna sehemu za “See Also” kwenye kurasa za kazi nyingine. Kuna mifano kwenye mafunzo. Grep tena.

Halafu andika ujumbe wa kosa, na hapa usione uvivu. Kuondoa jina bila kuelekeza mbadala ni kama kufunga barabara bila kuweka kibao cha njia nyingine. Ukijaribu leo kutumia np.Inf, iliyoondolewa kwenye 2.0, NumPy haikuambii tu kwamba jina halipo; inakutajia np.inf. Ujumbe wa np.int unakwenda mbali zaidi, nao ulihitaji hivyo. Watu wengi waliamini np.int ni aina maalumu ya NumPy, kumbe ilikuwa int ya kawaida ya Python. Kwa hiyo ujumbe unaeleza kwamba ukiandika int tabia haitabadilika, na kwamba kama ulikusudia upana fulani uchague np.int64 au np.int32. Tofauti hiyo si ya kinadharia: kwenye Windows namba kamili ya chaguomsingi ya NumPy ilikuwa ya biti 32 hadi 2.0 ilipoifanya kuwa ya biti 64 kwenye mifumo ya biti 64.

Mwisho wa hatua hii ni maelezo ya toleo. Kwenye folda ya doc/release/upcoming_changes weka faili ndogo yenye namba ya ombi lako la mabadiliko, ikifuatwa na aina yake. Kwa kitu ambacho muda wa onyo umekwisha na sasa kimeondolewa, jina la faili huishia na expired.rst. Kwa onyo jipya ni deprecation.rst. Andika sentensi mbili au tatu: nini kimeondoka, nani ataguswa, aandike nini badala yake. Ujumbe wa badiliko lenyewe kwenye git huanza na DEP. Endesha majaribio kwa amri ya “spin test”, kisha tuma.

Nyaraka: andika kinachotokea

Naona kazi ya nyaraka hudharauliwa na wachangiaji wapya, kana kwamba ni ya wasiojua kuandika msimbo. Mimi naiweka mbele. Hitilafu ya msimbo hurekebishwa mara moja, bali sentensi yenye utata hupotosha watu kila siku hadi mtu aione.

Angalia np.std. Ukiipa [1, 2, 3, 4] inakupa takriban 1.118. Data hiyohiyo kwenye pandas inatoa takriban 1.291. Hakuna aliyekosea: NumPy hugawanya kwa idadi ya namba zote, pandas hugawanya kwa idadi hiyo ukitoa moja. Mwanafunzi wa takwimu anayelinganisha majibu mawili anahitaji kuambiwa hivyo kwa lugha nyoofu, kwenye maelezo ya kigezo ddof, pamoja na mfano unaoonyesha namba zote mbili. Maelezo yanayosema tu kwamba ddof ni “nyuzi za uhuru” yanamwacha pale alipokuwa.

Au chukua np.array(x, copy=False). Kwa miaka mingi ilimaanisha “usinakili isipokuwa lazima”. Kuanzia 2.0 inamaanisha “usinakili kamwe, na kama haiwezekani toa kosa”. Maana ya zamani sasa ni copy=None, au uite np.asarray. Mabadiliko ya namna hii lazima yaonekane palepale kwenye maelezo ya kazi, kwa alama ya versionchanged, kwa sababu msomaji anaweza kuwa ameshika toleo lolote. Zingatia mpangilio wa numpydoc: vigezo, kinachorudishwa, kazi zinazohusiana, maelezo ya ziada, mifano. Kila mfano uuendeshe mwenyewe. Jenga kurasa kwa “spin docs” uone zinavyosomeka, maana alama moja iliyokosewa huweza kumeza aya nzima.

Kuna mtego mmoja wa kunyoosha nyaraka ambao haujadiliwi vya kutosha: usigeuze bahati kuwa ahadi. Ukiona kwamba np.empty kwenye kompyuta yako inarudisha sifuri, usiandike kwamba inarudisha sifuri. Hairudishi chochote kilichoahidiwa, inakupa kumbukumbu kama ilivyokutwa. Kwenye np.sort kuna chaguo liitwalo mergesort, lakini ndani yake leo hutumika timsort au radix sort kulingana na aina ya data. Jina limebaki kwa ajili ya misimbo ya zamani. Kinachoahidiwa ni uthabiti wa mpangilio, yaani vitu vilivyo sawa kubaki katika zamu yao, si njia inayotumika. Waraka unapaswa kutenganisha hayo mawili bila kuacha shaka, kwa sababu kila unachokiahidi leo ndicho mchangiaji mwingine atakachohangaika kukiondoa miaka kumi ijayo.

Na andika Kiingereza chepesi. Nyaraka za NumPy husomwa na watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, kuanzia Dodoma na Bujumbura hadi Seoul. Wewe unayesoma Kiswahili una faida hapa: unajua sentensi ipi ilikukwamisha ulipoisoma mara ya kwanza. Ivunje iwe mbili. Ondoa nahau. Taja mtendaji. Watunzaji hupokea vizuri mabadiliko ya namna hii, mradi usibadilishe maana.

Vingine viache

Si kila cha zamani ni cha kuondolewa. np.random.seed na RandomState zina mbadala bora, Generator, uliokuja na 1.17 mwaka 2019. Hata hivyo hazijaondolewa, na ilikusudiwa hivyo: mfululizo wa namba za RandomState umegandishwa ili utafiti wa zamani uweze kurudiwa na kutoa namba zilezile. Generator haina ahadi hiyo, na ndiyo maana inaweza kuboreshwa. Darasa la np.matrix nalo halipendekezwi tena, lakini lipo. Ukikuta kitu cha namna hii, kazi yako ni kuandika wazi kwenye nyaraka kwamba kipo kwa sababu gani na mtu mpya atumie nini.

Ukiwa upande wa pili

Huenda leo wewe ndiye mwenye programu inayotegemea NumPy. Endesha majaribio yako kwa “python -W error::DeprecationWarning” angalau kabla ya kila toleo lako. Maonyo yatageuka makosa na utayaona yote. pytest huyakusanya hata bila hilo. Kwa kuhamia 2.0, kifaa cha Ruff kina kanuni NPY201 inayotambua majina yaliyoondolewa na kurekebisha mengi yenyewe. Yako mengi, karibu mia moja kwenye nafasi kuu ya majina yaliguswa. Kama una moduli za C zilizojengwa dhidi ya 1.x, hazitafanya kazi na 2.0 hadi zijengwe upya. Ukiwa bado hujajiandaa, andika “numpy<2” kwenye mahitaji ya mradi wako, na uweke tarehe ya kuliondoa sharti hilo.

Ukitaka kuanza leo, usianze na kufuta. Fungua ukurasa wa kazi ya NumPy unayoitumia zaidi, soma maelezo ya kila kigezo, na uendeshe kila mfano. Utakapofika kwenye sentensi ambayo huwezi kuieleza kwa mwenzako bila kuijaribu kwanza, hiyo ndiyo ya kurekebisha. Watumie watunzaji ombi la mabadiliko lenye alama ya DOC, sentensi moja tu, na sababu yake.